Imamu Abul Hasan Al-Ash'ari na Mizani ya Waja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Darasa yetu, sisi wana wa pwani tuliokuja Nairobi kwa kazi na biashara, hukaa baada ya sala ya Magharibi katikati ya jiji, si mbali na Msikiti wa Jamia uliojengwa baina ya mwaka 1925 na 1933. Kutoka hapo si mwendo mrefu kwa miguu hata pembe ya barabara za Moi na Haile Selassie, penye bustani ya ukumbusho wa watu 213 waliouawa kwa bomu siku ya Ijumaa, 7 Agosti 1998. Kijana mmoja wetu alipita hapo, akayasoma majina yao, kisha akaja darasani na swali. Mwanadamu akiweza kuuzuia msiba kama ule asiuzuie, sote twamwita dhalimu. Basi yatupasa kusema nini juu ya Mola aliyejua na aliyeweza?

Wako waliotaka kumkemea. Sisi twaona kukemea si jibu. Swali hili ni la kale, na yuko mtu mkubwa aliyelichukua moyoni hata likamgeuzia maisha yake. Watoto wetu katika vyuo vya Mombasa, Lamu na Unguja huhifadhishwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu kwa njia ya wafuasi wa mtu huyu, na wachache katika wazee wao wamjuao. Basi na tumtaje.

Jina lake ni Ali bin Ismail, na kwa kuniya ni Abul Hasan. Alizaliwa Basra, katika nchi ya Iraki, mwaka 260 A.H., sawa na 873 au 874 kwa hesabu ya Kizungu. Ukoo wake wapanda hata kwa sahaba Abu Musa Al-Ash'ari, aliyekuwa liwali wa Basra zama za Sayyidna Umar. Malezi yake ya elimu yalikuwa kwa Abu Ali Al-Jubbai, mkuu wa Mu'tazila wa Basra, ambaye inasimuliwa kwamba alimwoa mamake. Alikaa katika madhehebu hayo hata akapata umri wa miaka arubaini, naye akawa katika watetezi wao hodari.

Yafaa tuwatendee Mu'tazila haki, kwani hawakuwa watu wa kuchezea dini. Wao walijiita watu wa Uadilifu na Tauhidi. Walisema kwamba akili ya mtu yaweza kuujua wema na ubaya hata kabla ya kuja sharia, na kwamba yaliyo maovu kwetu ni maovu kwa kila atendaye. Kwa hiyo, Mungu akiwa ni mwadilifu, hapana budi awatendee waja wake yaliyo haki. Na wengi wao, naye Al-Jubbai ni mmoja, wakazidi kusema kuwa yampasa kumfanyia mja lililo na maslaha naye katika dini yake. Mwenye kuyasikia haya huyaona mazuri, kwani yanamwepusha Mola na kila dhuluma. Lakini ndani yake mna jambo zito: mja amekwisha kuandika orodha ya yanayompasa Muumba wake.

Wasimulizi wamekihadithia kwa namna mbalimbali kisa cha mwalimu na mwanafunzi huyu. Al-Ash'ari alimwuliza sheikhe wake habari ya ndugu watatu waliokufa: mmoja mtu mzima mcha Mungu, wa pili mtu mzima kafiri, na wa tatu mtoto mdogo. Akajibiwa kwamba wa kwanza yu katika daraja za juu, wa pili yu Motoni, na mtoto amesalimika ila hana daraja. Akauliza, je, mtoto akizitamani daraja za nduguye? Akajibiwa kwamba ataambiwa nduguye alizipata kwa amali. Na mtoto akisema kwamba si kosa lake, ni umri hakupewa? Akajibiwa kwamba ataambiwa Mola alijua lau angaliishi angaliasi, kwa hiyo alimfisha mdogo kwa maslaha yake. Ndipo akauliza la mwisho. Yule kafiri naye akilia kutoka Motoni kwamba hali yake pia ilijulikana, mbona yeye hakufishwa mdogo? Sheikhe akanyamaza.

Inasimuliwa kwamba Al-Ash'ari alijifungia nyumbani kwake siku kumi na tano. Kisha, yapata mwaka 300 A.H., alipanda mimbari katika msikiti wa Basra siku ya Ijumaa, akatangaza mbele ya watu kwamba ameyaacha madhehebu yake ya kwanza, na akavua joho lake kuwa alama ya kuyavua aliyokuwa akiyaitakidi. Fikirini, ndugu zetu, mtu wa miaka arubaini, mwenye jina, kuyakana mbele ya mji mzima yaliyompa jina hilo! Baadaye alihamia Baghdad, na huko alikuwa akihudhuria darasa ya Abu Ishaq Al-Marwazi, mwanachuoni wa Kishafii, naye akaketi kusikiliza kama wasikilizavyo wanafunzi.

Alilofundisha katika jambo letu ni hili. Dhuluma kwetu sisi ni kuvuka mpaka uliowekwa na aliye juu yetu, au kuingilia kisicho chetu. Mwenyezi Mungu hapana aliye juu yake wa kumwekea mpaka, na hapana kitu kisicho chake. Mizani yetu tumepewa tupimiane sisi kwa sisi. Hatukupewa tumpimie aliyeiumba mizani yenyewe na mkono uishikao. Maana haya yamo katika Suratul Anbiyaa, aya ya 23, isemayo kwamba Yeye haulizwi ayatendayo, na waja ndio watakaoulizwa.

Si haki kuficha kwamba wako wanavyuoni wakubwa walioona njia hii imekwenda mbali. Al-Maturidi wa Samarkand, aliyekufa mwaka 333 A.H., aliipa akili nafasi kubwa zaidi katika kujua wema na ubaya. Na Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka 728 A.H., alishikilia kwamba Mola hatendi ila kwa hekima, hata ikiwa imefichika kwetu, na kwamba ubaya wa uongo na dhuluma hutambulikana kwa akili. Hata hivyo wote wanakutana mahali pamoja: mja hana kiti cha ukadhi juu ya Mola wake.

Imamu alifariki Baghdad mwaka 324 A.H., sawa na 935 au 936. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kufani alimshuhudisha aliyekuwa naye kuwa hamkufurishi mtu yeyote katika watu wa kibla. Aliyehojiana nao umri mzima hakuwafungia mlango. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa turejee kwa kijana wetu. Yako mambo mawili ambayo kisa hiki chatufunza, na yote mawili yatugusa sisi kabla ya kumgusa yeye.

La kwanza ni la matangani. Mara ngapi tumemwendea mama aliyefiwa na mwanawe, tukamwambia kwamba Mungu amemchukua kwa kuwa alijua angalikuwa mbaya, au kwamba nyumba ile ilikuwa na kosa? Hilo ndilo jibu la Al-Jubbai, nasi twalitoa huku tukijiita wafuasi wa Al-Ash'ari! Anayemhukumu Mungu na anayemsemea Mungu sababu asizozitaja, wote wawili wamedai elimu wasiyo nayo. Aliyefiwa yatosha tumshike mkono, tumwombee, tumpikie chakula.

La pili ni zito zaidi. Wale waliotega bomu lile walidai kumtumikia Mungu. Asidhani mtu kwamba, maadamu Mungu haulizwi, basi atendaye kwa jina lake haulizwi pia. Imamu alimwondolea Muumba mipaka yetu. Hakumwondolea mwanadamu hata mpaka mmoja. Mwenye kuua wasio na kosa kisha akajiweka juu ya swali, huyo amejivika cheo kisichokuwa cha mja. Majina yale 213 yatamuuliza, na Mola wao atamuuliza.

Kijana wetu hatukumpa sababu ya msiba ule, kwani hatunayo. Tulimwambia kwamba uchungu alio nao kwa ajili ya waliodhulumiwa ni amana aliyotiwa moyoni na Mola huyo huyo anayemwuliza habari zake, naye autumie hapa duniani, katika kumzuilia mwenziwe madhara awezayo kuyazuia. Kwa hilo ataulizwa yeye, nasi pamoja naye.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe adabu mbele yake na huruma kwa viumbe vyake. Wabillahi tawfiq.