Maria Montessori na Mkono wa Mtoto Mdogo

Mwanzoni mwa karne iliyopita, wenye nyumba za kupanga katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma, walikuwa na shida ya kuta. Wazazi walikwenda kazini tangu alfajiri, na watoto ambao hawajafikia umri wa shule waliachwa peke yao mchana kutwa, wakazichafua kuta na ngazi zilizokuwa zimetoka kukarabatiwa. Ikaonekana kwamba ni nafuu kuwapa watoto chumba na mtu wa kuwaangalia kuliko kukarabati kila mara. Ndivyo daktari Maria Montessori alivyoitwa, na tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Tokeo la Bwana, Nyumba ya Watoto ikafunguliwa ikiwa na watoto wapatao hamsini.

Mama huyo, Mkatoliki aliyezaliwa Chiaravalle mwaka 1870, alihitimu udaktari mwaka 1896, miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Italia kufanya hivyo. Kazi yake ilimfikisha kwenye nyumba za wagonjwa wa akili, ambako watoto wenye ulemavu wa akili walifungiwa pamoja na watu wazima. Mtumishi mmoja alimlalamikia kwamba watoto hao, wakimaliza kula, hutambaa sakafuni wakiokota makombo ya mkate. Montessori alitazama chumba kile, akaona hakuna kitu kingine chochote ambacho mtoto angeweza kukishika. Alitambua kwamba njaa ile haikuwa ya tumbo, bali ya mikono.

Tangu hapo mkono ukawa kiini cha mafundisho yake. Aliwatengenezea watoto vibao vilivyozungushiwa nyuzi za hariri za rangi mbalimbali, herufi za karatasi ya msasa za kupapasa kwa vidole, na maumbo ya chuma ambayo mtoto huyafuatisha kwa penseli ya rangi, kisha hujaza ndani kwa mistari. Hakumfundisha mtoto kuchora nyumba au ua. Aliandaa jicho na mkono, kisha akamwachia mtoto nafasi.

Mwenyewe alisimulia kilichotokea siku moja ya Desemba, juu ya paa bapa la nyumba. Alimpa mtoto wa miaka mitano kipande cha chaki, akamwomba achore dohani iliyokuwa karibu nao. Mtoto akaichora sakafuni, naye akamsifu. Mtoto akatabasamu, akanyamaza kidogo, kisha akapaza sauti kwa furaha kwamba anaweza kuandika. Akapiga magoti tena, akaandika neno mkono, halafu dohani, halafu paa. Hakuna aliyekuwa amemwamuru kuandika.

Wapo waliomlaumu kwamba anaibana sanaa ya mtoto kwa maumbo yake ya kijiometri. Sisi tunaona lawama hiyo si ya bure kabisa. Nyumba ile ya kwanza ilipokea watoto kuanzia miaka mitatu. Yule wa mwaka mmoja na nusu, anayetaka tu kuburuta mkaa ukutani aone alama imebaki, hakuwa na mahali pake pale. Lakini haki inatudai tuseme pia kwamba baadaye, hasa alipokuwa India kuanzia mwaka 1939, alizidi kuwaelekea watoto wachanga, akafundisha kwamba malezi huanza siku ya kuzaliwa.

Yapo maumivu ambayo hatuwezi kuyaruka. Mwaka 1898 alimzaa mwanawe Mario nje ya ndoa, akamtoa alelewe na familia nyingine mashambani. Miaka ile aliyoinama kando ya watoto wa San Lorenzo, akitazama vidole vyao vikijifunza, vidole vya mwanawe vilijifunza mbali naye. Mario alirudi kwake akiwa kijana wa karibu miaka kumi na mitano, akawa msaidizi wake hadi kifo chake huko Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952. Tusiwe wepesi wa kumhukumu. Wanawake wangapi wa parokia zetu wamewaacha watoto kwa bibi kijijini ili wakalee watoto wa wengine mjini?

Kwa Kanisa aliacha urithi usiosemwa sana. Huko Barcelona, tangu mwaka 1915, aliandaa kikanisa chenye samani za kimo cha mtoto, na watoto wakapanda ngano na mizabibu ili waijue asili ya mkate na divai ya altare. Miaka miwili baada ya kifo chake, Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi walianzisha mjini Roma Katekesi ya Mchungaji Mwema kwa kufuata njia yake. Humo mtoto husikia mfano wa Injili, kisha hukaa kimya na karatasi na rangi. Katekista hamwambii achore nini, wala hamsahihishi kondoo aliyetoka na miguu saba. Mchoro huo hupokewa kama sala yake.