Wilson Bentley: mfugaji aliyezipiga picha chembe za theluji

Msikilizaji wetu, leo ukitaka kupiga picha unatoa simu mfukoni, unabonyeza, kazi imekwisha. Wiki hii tunakusimulia habari za kijana wa Marekani aliyehangaika kwa miaka kupata picha moja tu. Kitu alichotaka kukipiga picha kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, tena kilikuwa kikiyeyuka huku akikitazama.

Jina lake ni Wilson Bentley. Alizaliwa tarehe 9 Februari 1865 huko Jericho, katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Wengi wetu theluji tunaiona kwa mbali tu, kwenye kilele cha Kilimanjaro au Mlima Kenya. Kwa akina Bentley, majira ya baridi yakifika, theluji ilijaa uani na kufunika mapaa na njia.

Mama yake aliwahi kuwa mwalimu, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani mpaka alipofika miaka 14. Alipotimiza miaka 15, mama alimpa hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo. Kijana akaweka chini yake chembe ya theluji, akaona ajabu: nyota ya barafu yenye pembe sita, imenakshiwa kama kitambaa cha kufuma. Akachukua karatasi aichore. Kabla hajamaliza, nyota ilikuwa tone la maji.

Hilo ndilo lililomkosesha raha. Kila chembe ilikuwa na nakshi yake, na ikiyeyuka imepotea, hakuna mtu mwingine atakayeiona tena. Akawaomba wazazi kamera. Baba aliona ni upuuzi, maana bei yake ilikuwa kama dola 100, fedha nyingi kwa mfugaji wa wakati ule. Mama akamshawishi mume wake mpaka kamera ikanunuliwa.

Bentley aliiunganisha kamera na hadubini, akaanza kujaribu. Picha ziliharibika moja baada ya nyingine. Tarehe 15 Januari 1885, zikiwa zimebaki wiki chache atimize miaka 20, akafanikiwa kupata picha nzuri ya chembe moja ya theluji.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Theluji ikianza kudondoka, alisimama nje na ubao mweusi, akazikinga chembe. Aliyoipenda aliichukua kwa kijiti chembamba, akaiweka juu ya kipande cha kioo, kisha akaibandika taratibu kwa unyoya wa bata mzinga. Yote hayo aliyafanya akiwa amebana pumzi, kwa sababu pumzi ya mtu ingeiyeyusha. Chumba cha kupigia picha hakikuwa na moto wowote, na mwanga ulitoka dirishani tu. Simu yako inamaliza kazi kufumba na kufumbua. Kamera yake wakati mwingine ilihitaji zaidi ya dakika nzima.

Aliendelea hivyo kila majira ya baridi kwa zaidi ya miaka 40, huku akikamua ng'ombe na kulima kama majirani zake. Wapo waliomcheka. Hakuoa, wala hakutajirika: nakala za picha zake aliziuza senti 5 kila moja. Alipofariki alikuwa amepiga picha zaidi ya 5,000, na katika hizo hakuwahi kuona chembe mbili zinazofanana kabisa. Sababu ni kwamba kila chembe hushuka kwa njia yake mawinguni, ikipita kwenye baridi na unyevu wa viwango tofauti, na hapo ndipo umbo lake linapojengeka.

Wapo wanasayansi waliomkosoa. Walisema anachagua zile nzuri tu, na kwamba kukwangua kwake pembeni mwa picha ili chembe ionekane kwenye weusi mtupu kunaweza kuharibu ushahidi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwani theluji nyingi huanguka ikiwa imevunjika au haina umbo zuri. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa na hazina ya picha kama yake.

Mwezi Novemba 1931 kilitoka kitabu chake, alichokiandaa pamoja na mwanasayansi William Humphreys, kikiwa na picha zaidi ya 2,400. Wiki chache baadaye Bentley alitembea kwa miguu kurudi nyumbani katika dhoruba ya theluji, akaugua nimonia. Alifariki tarehe 23 Desemba 1931, akiwa na miaka 66.

Kuna kazi yake nyingine inayotugusa sisi wa nchi za mvua. Kati ya mwaka 1898 na 1904 alipima ukubwa wa matone ya mvua kwa kutumia unga tu. Miaka ya 1940, watafiti wa Marekani waliokuwa wakichunguza jinsi mvua inavyomomonyoa udongo walitumia njia hiyo hiyo ya unga.

Hata wewe unaweza kuijaribu mvua ikinyesha. Chekecha unga laini kwenye sinia, ujae kimo cha kama kidole kulala. Itoe sinia mvuani kwa sekunde chache, kisha irudishe ndani. Kila tone litafanya kidonge chake. Acha vikauke, vichekeche, uvipange kwa ukubwa. Rudia siku ya manyunyu na siku ya mvua ya radi, ulinganishe vidonge. Siku ya radi subiri ukiwa ndani, toa sinia mlangoni tu.