Tom Horn: Bunduki ya Kukodi na Matajiri Waliokaa Kimya

Ukitaja Marekani ya wachunga ng'ombe, wengi wetu tunakumbuka zile filamu za vibanda vya video: kofia pana, farasi, na jamaa anayewahi kuchomoa bastola kabla ya adui. Tom Horn hakuwa mtu wa namna hiyo. Silaha yake ilikuwa bunduki ndefu, na sifa yake ilikuwa kusubiri mahali pa kujificha mpaka mtu wake apite. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha, na ndiyo iliyomfikisha kitanzini.

Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1860 katika jimbo la Missouri, kwenye familia ya wakulima. Shule haikumkaa. Akiwa bado kijana mdogo alitoroka nyumbani kwenda magharibi, akajifunza Kihispania na lugha ya Waapache, na jeshi likamtumia kama mkalimani na mtafuta nyayo. Alikuwepo katika kampeni iliyoishia kwa Geronimo kujisalimisha mwaka 1886. Baada ya hapo aliajiriwa na Pinkerton, kampuni kubwa ya wapelelezi binafsi, akawa anawafuatilia majambazi wa treni. Mpaka hapo ungeweza kusema ni mtu mwenye kipaji anayelitumikia taifa lake.

Mambo yalibadilika alipofika Wyoming miaka ya 1890. Huko kulikuwa na ugomvi kati ya wenye makundi makubwa ya ng'ombe na walowezi wadogo. Matajiri walilalamika kuwa wanaibiwa mifugo, na mahakama zinawaachia wezi. Mwaka 1892 walikodi kundi zima la watu wenye bunduki kutoka Texas kwenda kuwasaka wapinzani wao, lakini mpango ukavuja, wakazingirwa, na jeshi likalazimika kuingia kati. Ilikuwa aibu kubwa. Somo walilolipata halikuwa kwamba kuua ni vibaya, bali kwamba kundi lina kelele. Mtu mmoja mkimya angefaa zaidi.

Mtu huyo akawa Horn. Mwaka 1895 walowezi wawili, William Lewis na Fred Powell, waliuawa kwa risasi, kila mmoja kwa wakati wake. Mwaka 1900, upande wa Colorado, wakauawa Matt Rash na Isom Dart, huyu wa pili akiwa mchunga ng'ombe mweusi aliyezaliwa utumwani. Katika vifo vyote hivyo jina la Horn lilitajwa, lakini ushahidi wa kumtia hatiani haukupatikana. Yeye mwenyewe hakusumbuka sana kukanusha. Woga wa watu ulikuwa sehemu ya mtaji wake.

Tatizo ni kwamba dunia ilikuwa inamwacha nyuma. Wyoming ilishakuwa jimbo kamili tangu 1890, reli na simu zilishafika, waya wa miiba ulishakata malisho. Horn alikuwa amepita miaka 40, mlevi, na mwenye mdomo. Kwa matajiri, mtu wa aina hiyo sasa alikuwa mzigo.

Tarehe 18 Julai 1901, katika eneo la Iron Mountain, Willie Nickell, mtoto wa miaka 14, alipigwa risasi akiwa kwenye lango la shamba lao. Baba yake, Kels, alikuwa ameleta kondoo katika nchi ya ng'ombe, na alikuwa na uhasama na jirani yake Miller. Wengi waliamini muuaji alimkusudia baba. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii nyasi ilikuwa mwanafunzi.

Januari 1902 ofisa wa usalama Joe LeFors alimwita Horn kwa kisingizio cha kazi huko Montana. Horn alikuwa amelewa, akajigamba kuhusu mauaji yale na malipo yake. Kumbe nyuma ya mlango kulikuwa na shahidi na mwandishi wa hatimkato, kila neno linaandikwa. Kesho yake akakamatwa, na Oktoba 1902 akakutwa na hatia.

Aliyepigania uhai wake kwa nguvu alikuwa mwalimu, Glendolene Kimmell, aliyefundisha kwenye shule ndogo ya watoto wa familia hizo mbili zenye uhasama. Alimwendea gavana na kiapo kwamba muuaji ni mtu mwingine. Gavana alikataa. Hadi leo wanahistoria wanabishana kama kweli Horn ndiye aliyemuua Willie.

Agosti 1903 alitoroka jela, lakini hakufika mbali. Inasimuliwa kuwa bastola aliyoinyakua ilikuwa ya aina mpya, na mtaalamu huyu wa silaha hakujua kufungua kizuizi chake.

Alinyongwa Cheyenne tarehe 20 Novemba 1903, siku moja kabla ya kutimiza miaka 43. Kitanzi chake kiliendeshwa kwa maji: uzito wake mwenyewe ulifungulia maji, na maji yakaangusha mlango chini ya miguu yake. Hakuna mkono wa mtu uliovuta chochote. Rafiki yake tajiri, John Coble, alilipia jeneza.

Akiwa gerezani Horn aliandika maisha yake, kitabu kikatoka 1904. Anasimulia vita na safari zake kwa kirefu, ila miaka ya Wyoming na majina ya waliomlipa hayamo. Hakuna tajiri hata mmoja aliyesimama kizimbani pamoja naye.

Sisi wanavyuo hatukodiwi kuua mtu. Lakini kila msimu wa uchaguzi wapo wenzetu wanaopewa nauli na chakula wakavuruge mkutano wa mgombea fulani au wakamtishe mtu bwenini. Kamati ya nidhamu ikiitishwa, jina linalosomwa ni la aliyetumwa, na aliyetuma anaendelea na vipindi kama kawaida. Ndugu yangu, kabla hujapokea hela ya namna hiyo, jiulize kama huyo anayekupa atakubali jina lake liandikwe karibu na lako.