Ronald Ross: daktari aliyelipata jibu kwa shomoro

Kwenye kipindi cha mbu tulimtaja Ronald Ross, kisha muda ukatuishia. Basi msikilizaji, tumalizie hapa.

Ross alizaliwa Almora, India, mwaka 1857. Yeye alipenda mashairi. Baba yake, afisa wa jeshi la Waingereza, ndiye aliyetaka asomee udaktari. Mwaka 1881 akaanza kazi India. Wakati huo wengi waliamini malaria hutoka kwenye hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1894 huko London, daktari Patrick Manson alimwonyesha vimelea vya malaria kwenye damu, akamwambia anawashuku mbu.

Agosti 20, 1897, mjini Secunderabad, Ross alipasua mbu aliyemuuma mgonjwa Husein Khan, akaviona vimelea kwenye ukuta wa tumbo la mbu huyo. Lakini vilifikaje kwa mtu mwingine?

Mwaka 1898 alikuwa Calcutta. Watu waliogopa chanjo ya tauni, hivyo hakuna aliyekubali hata kutobolewa kidole. Ross akageukia ndege, maana nao wana malaria yao. Alifuga shomoro na kunguru kwenye vizimba. Msaidizi wake Mahomed Bux alikusanya na kulea mbu. Watu kama huyu husahaulika haraka, sisi tunamtaja. Mbu waliachiwa wanyonye ndege wagonjwa, kisha wakapasuliwa mmoja mmoja chini ya hadubini. Vimelea vilikua tumboni, vikapasuka, vikasafiri hadi kwenye tezi za mate. Julai mwaka huo, shomoro wazima walioumwa na mbu hao wakaugua. Njia ikajulikana: ni mate ya mbu.

Wataliano ndio walioonyesha kwamba malaria ya binadamu huenezwa na mbu wa anofelesi. Ross aligombana nao miaka mingi, na kwa maoni yetu hakuwatendea haki. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902, akafariki London mwaka 1932.

Miaka 5 baadaye, wilayani West Nile, Uganda, virusi vipya vilipatikana kwenye damu ya mwanamke mwenye homa. Ikaja kugundulika kwamba makao yake ni ndege, na wanaovibeba ni mbu wa jamii ileile ya Ross, ambao baadhi yao huzaliana kwenye vyoo vya shimo na maji machafu. Mtu au farasi huweza kuugua, ila damu yake huwa na virusi vichache mno kumwambukiza mbu mwingine. Damu ya ndege huwa navyo tele, na ndege huruka navyo mbali.

Mwaka 1999 kunguru walianza kufa ovyo New York, Marekani. Virusi hubadilika kidogo kidogo kila vinapozaliana, na ndani ya miaka michache aina iliyoingia mwanzo ilikuwa imesukumwa pembeni na nyingine, inayokomaa haraka zaidi ndani ya mbu.