Ibn Sina, Mganga Asiyejiganga

Mwaka jana kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa nikimaliza sala kwa taabu. Salamu ya kulia niliitoa vyema, lakini ya kushoto shingo iligoma njiani. Kazi yetu sisi waandishi ni kuinama: tangu chuoni tulipoinamia juzuu, mpaka leo tunapoinamia meza. Mtaalamu wa viungo alinipa mazoezi: kurudisha kidevu nyuma, kugeuza kichwa polepole huku na huku, kuinua mabega na kuyashusha, na kuvuta mpira ili misuli ipate nguvu. Niliyafanya siku nane, nikayaacha, nikasema sina wasaa. Ndipo nilipomkumbuka Sheikh Abu Ali Ibn Sina.

Sheikh huyu alizaliwa mnamo mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, mji ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Babake alikuwa mtumishi wa serikali ya Wasamani. Alipotimia miaka 10 alikuwa amekwisha kuhifadhi Kurani. Akasoma hesabu, mantiki na tiba, usiku akikesha mbele ya taa. Alikuwa hajafika miaka 20 alipoitwa kumtibu Amir Nuh bin Mansur, na baada ya hapo akaomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya mtawala huyo. Akapewa.

Babake alipofariki na dola ile kuporomoka, alihama mji hata mji: Gurganj, Jurjan, Rayy, kisha Hamadan, katika Uajemi. Huko Jurjan alianza kuandika Al-Qanun, na Hamadan akaimaliza. Ni vitabu vitano katika kimoja. Katika cha kwanza ameieleza mifupa saba ya shingo, na katika hicho hicho ameeleza namna ya kuihifadhi siha. Kwake yeye mazoezi ndiyo yanayotangulia, kisha chakula, kisha usingizi. Aliyagawa mazoezi: ya nguvu na ya upole, ya mwili mzima na ya kiungo kimoja. Akaagiza mtu achuliwe kabla ya mazoezi ili viungo vilainike, na achuliwe tena baadaye ili uchovu utoke. Na kila mtu afanye kwa kadiri ya uwezo wake, asijichoshe.

Qanun ilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na vyuo vikuu vya Ulaya vikaisomesha kwa mamia ya miaka.

Lakini je, mwenyewe aliishi vipi? Hamadan alikuwa waziri wa Amir Shams-ud-Daula. Mchana alikuwa katika shughuli za serikali, usiku akisomesha wanafunzi wake. Siasa ikamgeukia, akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na humo pia hakuiweka kalamu chini. Alipotoka alikimbilia Isfahan kwa Amir Ala-ud-Daula. Akiwa safarini na jeshi la amiri huyo alishikwa na maumivu makali ya matumbo. Kwa kuchelea kuachwa nyuma alijitibu kwa pupa, dawa juu ya dawa katika siku moja, na matumbo yakafanya vidonda. Hakupona sawasawa tena. Alifariki Hamadan, katika mwezi wa Ramadhani, mwaka 1037, naye hajafika miaka 60. Kaburi lake liko huko hadi leo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mganga hajigangi, wazee wetu walikwisha sema. Mtu aliyewafunza walimwengu kwamba mwili una haki yake, wake mwenyewe aliunyima haki hiyo. Nami nisiye mganga, nilikuwa nikimfuata katika kosa lake na kumwacha katika elimu yake.

Basi nikarudi kwenye mazoezi, robo saa kila baada ya alfajiri, bila kuruka siku. Maumivu ya shingo yaliyokaa muda mrefu hayataki pupa, yanataka subira. Lakini mwenye ganzi mikononi, au udhaifu wa miguu, au aliyeumia kwa kuanguka, asianze mazoezi kabla ya kumwona daktari.

Mwezi wa pili ulipomalizika, niligeuka kushoto nikamwona vyema jirani yangu wa safu. Alhamdulillahi.