Kenyatta: Kutoka nyumba ya kizuizi Lodwar hadi jumba la Nairobi

JOMO Kenyatta alielewa kwamba jengo humtambulisha mwenyewe. Mwaka wa 1959, baada ya kutumikia kifungo Lokitaung, serikali ya kikoloni ilimweka kizuizini Lodwar, katika nyika kame ya Turkana. Nyumba ile ya kizuizi ilikusudiwa kuonyesha kuwa kiongozi huyo hana tena nafasi nchini. Mnamo Aprili 1961 alihamishiwa Maralal, na Agosti mwaka huo akaachiliwa.

Alipokuwa Rais, chama chake cha KANU kiliamua kujenga makao makuu jijini Nairobi. Ramani ilichorwa na Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, na ujenzi ukaanza 1967. Mnara wa rangi ya udongo mwekundu na ukumbi wenye paa la msonge vilitangaza taifa changa lenye asili yake. Lilipofunguliwa 1973, jengo hilo lilikuwa limekua likawa jumba la mikutano ya kimataifa lenye jina lake.

Hata hivyo, sera ya uchumi ya serikali yake ya 1965 ilielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na rutuba. Turkana ikaachwa nyuma.

Kenyatta alifariki Mombasa, Agosti 22, 1978. Jumba lake liliwakumbuka wahenga. Mipango ya serikali yake haikuikumbuka Lodwar.