Aliyeipandisha Lugha Baiskeli

Karel Steyaert, aliyejulikana zaidi kama Karel Van Wijnendaele, alizaliwa mwaka 1882 karibu na Torhout, Ubelgiji, katika ukoo wa wakulima maskini. Alifiwa na babake angali mchanga, na akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14.

Zama hizo Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa. Hata chuo kikuu cha jiji kongwe la Gent kilifundisha kwa Kifaransa hadi mwaka 1930. Kiflemi kilidharauliwa kuwa lugha ya mashambani. Steyaert aliandika kwa lugha hiyo katika gazeti la michezo la Sportwereld, lililoanzishwa mwaka 1912. Tarehe 25 Mei 1913, waendesha baiskeli 37 waliondoka Gent katika mbio alizozibuni za kuzunguka Flanders, zaidi ya kilomita 300. Paul Deman alishinda. Steyaert alifariki mwaka 1961. Mbio zake zingalipo.

Hakutunga sarufi wala kamusi. Aliwaandikia wanyonge, kwa lugha yao, habari za jambo walilolipenda, nao wakasoma. Mwalimu anayeidharau insha ya mwanafunzi kuhusu kandanda na amkumbuke.